Usiihukumu Ghosts kwa Usiku Mmoja: Mwongozo wa Sehemu Tatu za Mwanzo

Ukianza kuitazama Ghosts, tamthilia ya vichekesho ya BBC kuhusu jumba la kale lililojaa marehemu, huenda ukafika mwisho wa sehemu ya kwanza bila kujua kama umeipenda au la. Utakuwa umecheka mara kadhaa, utakuwa umechanganya majina, na utajiuliza kama inafaa kuendelea. Nakushauri usitoe hukumu usiku huo. Vichekesho vya mizimu vina namna yake ya kupimwa, na anayevipima kama vichekesho vya kawaida atavionea. Mwongozo huu ni wa kukupitisha kwenye sehemu tatu za mwanzo, ukijua nini cha kutazama, nini cha kupuuza, na uamue lini.

Kwanza kisa chenyewe, kwa ufupi. Alison na Mike Cooper ni wanandoa vijana wanaohangaika kutafuta pa kuishi London, na kila wanachooneshwa ni kidogo na ghali. Ghafla Alison anapata habari kwamba amerithi Button House, jumba kubwa la shamba, kutoka kwa ndugu wa mbali ambaye hakuwahi kumjua. Wanahamia wakiwa na ndoto ya kuligeuza hoteli. Wasilolijua ni kwamba waliofia pale, karne baada ya karne, wengine hawajaondoka. Marehemu hawa wanakaa kikao na kukubaliana kuwafukuza wageni. Mmoja wao anamsukuma Alison dirishani, anaanguka na kupoteza fahamu. Akishazinduka na kurudi nyumbani, anawaona na kuwasikia wote. Mumewe haoni kitu.

Yote hayo yamebanwa ndani ya nusu saa, pamoja na kutambulishwa kwa marehemu tisa. Ndiyo maana sehemu ya kwanza inakimbia. Inabidi iweke misingi ya nyumba nzima kabla hujapewa nafasi ya kumzoea yeyote. Ukihisi kwamba hakuna aliyepewa muda wa kutosha, umehisi sawa, na udhaifu huo hauendelei mbele.

Usijaribu kuwakariri wote tisa kwa mara moja. Shika zama zao, majina yatakuja yenyewe. Robin ni mtu wa zama za mawe, na ndiye mkongwe kuliko wote. Humphrey ni bwana wa enzi ya wafalme wa Tudor aliyekatwa kichwa, na kichwa chake hubaki huku kiwiliwili kikitangatanga kule. Mary alichomwa moto karne ya 17 akituhumiwa uchawi. Kitty ni binti wa karne ya 18, mwenye moyo mweupe na kiu ya kupendwa. Thomas Thorne ni mshairi wa mwanzoni mwa karne ya 19 anayejiona mkubwa kuliko mashairi yake. Bibi Fanny Button ni mke wa bwana mwenye jumba, mkali wa adabu, wa mwanzoni mwa karne ya 20. Kapteni ni ofisa wa jeshi wa Vita Kuu ya Pili. Pat ni kiongozi wa skauti aliyefariki 1984 kwa kuchomwa mshale wa shingo. Wa mwisho ni Julian, mbunge aliyefia humo 1993 akiwa hana suruali, na hivyo ndivyo atakavyobaki milele. Chini kwenye ghala la jumba kuna kundi jingine, la waliokufa kwa tauni, lakini hao utawakuta kwa nafasi yao.

Chagua mmoja kati ya hao umfuate kwa karibu katika sehemu za mwanzo. Mimi humpendekeza Pat kwa anayeanza, kwa sababu nitakayoieleza.

Kuna historia kidogo inayosaidia. Waingereza wanapomwona Julian wanamkumbuka mtu wa aina fulani: miaka ile ya 1990 serikali ya John Major ilihubiri maadili huku baadhi ya wabunge wake wakikumbwa na kashfa moja baada ya nyingine. Bila kulijua hilo utamwona ni mzee asiye na haya tu. Ukilijua, utaona kwamba kukosa suruali ni hukumu. Thomas naye amebeba enzi nzima ya washairi waliofuata nyayo za Byron, waliotaka mapenzi yao yawe makubwa na vifo vyao viwe vikubwa zaidi. Na ukijiuliza msichana mweusi kama Kitty alifikaje kwenye jumba la mabwana wa karne ya 18, jua kwamba historia ina mfano wa kweli: Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa 1761 na mama mtumwa, alilelewa Kenwood House, London, kwenye familia ya jaji mkuu Lord Mansfield. Lolly Adefope anamwigiza Kitty kwa wepesi mkubwa, lakini nyuma ya kicheko chake kuna upweke ambao tamthilia haiusahau.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo kipimo chenyewe. Kichekesho cha mizimu husimama au huanguka kwa masharti yake. Mzimu unaoweza kufanya chochote hauchekeshi. Haukosi kitu, haukwami, haufedheheki. Kwa hiyo unapotazama, kalamu yako ya moyoni iandike: marehemu hawa wanaweza nini, hawawezi nini, na je, waandishi wanayaheshimu masharti waliyoyaweka wenyewe?

Masharti ya Button House ni machache na yanaeleweka haraka. Unabaki na nguo ulizofia. Huwezi kuvuka mpaka wa eneo la jumba. Huwezi kushika kitu. Unapita ukutani, lakini mtu hai akipita katikati yako unaumia. Huli, ila hamu ya chakula imebaki. Na hujui utaondoka lini, wala kwa nini wengine huondoka mapema na wewe umebaki. Baadhi yao wana kipaji kimoja kidogo kilichowafikia baada ya kufa. Robin anaweza kuzifanya taa zipepese. Mtu hai akipita katikati ya Mary husikia harufu ya kuungua. Fanny huonekana kwenye picha za kamera. Julian anaweza kusogeza vitu, lakini kwa kidole tu.

Kitazame hicho kidole cha Julian. Anainama juu ya kitu kidogo, tuseme kikombe. Uso unakunjamana, shingo inakaza, pumzi inamwishia kana kwamba anasukuma lori, na kikombe kinasogea upana wa ukucha. Mtu aliyekuwa akipiga kura za kuamua mambo ya taifa zima sasa nguvu zake zote zinaishia kwenye kikombe. Baadaye kidole hichohicho kitabonyeza vitufe vya kompyuta na kusababisha makubwa. Waandishi hawakumwongezea uwezo ili kisa kiende, walitafuta namna mpya ya kuutumia ule mdogo aliokuwa nao. Ukiona hivyo kwenye tamthilia yoyote ya aina hii, ujue uko mikononi mwa watu wanaojua kazi yao.

Mtazamaji makini atauliza: kama wanapita ukutani, mbona hawazami sakafuni? Mbona wanakaa kwenye viti na kulala vitandani? Swali ni halali, ila usiliache likuharibie. Kila hadithi ya mizimu ina shimo la namna hiyo, tangu zile za kusimuliwa gizani. Kinachodaiwa ni uaminifu kwa lile lililotangazwa. Wakisema hawawezi kuvuka mpaka, basi wasivuke, hata siku ambayo kuvuka kungemfurahisha kila mtu. Ghosts inalitimiza hilo.

Baada ya masharti, tazama ugomvi. Watu tisa wa karne mbalimbali, wasiochaguana, wasioweza kuhama, wanagombania chumba, zamu ya kuzungumza, na kitu gani Alison awafungulie kwenye televisheni. Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga yenye ua mmoja atawafahamu mara moja: yule anayejipa uongozi bila kuchaguliwa, yule anayelalamikia kelele za wengine na za kwake hazisikii, yule mpole ambaye kila mtu humkatiza. Tofauti ni kwamba wapangaji hawa hawana siku ya kuhamisha vyombo. Sehemu ya pili ndiyo inayolifanyia kazi hilo, Alison akilazimika kutafuta namna ya kuishi nao badala ya kuwakimbia. Humo ndimo utakapoanza kuwatofautisha bila kutumia nguvu.

Mtazame pia Mike, hasa macho yake. Kiell Smith-Bynoe anaigiza chumbani pamoja na marehemu tisa na hatakiwi kumwona hata mmoja. Anazungumza na ukuta kwa heshima zote, akiamini mzimu uko pale, kumbe uko upande wa pili. Mwigizaji asiye makini macho yake yangeteleza. Yake hayatelezi. Na mapenzi yake kwa Alison yanaonekana hapo hapo: anamwamini mkewe kuhusu watu asiowaona, na anajitahidi kuwa mwenyeji mwema kwao.

Kisha fika sehemu ya tatu. Hapa ndipo nakuomba uzime simu.

Pat, yule wa skauti, mwenye kaptura, miwani, na mshale umepita shingoni, amekuwa kichekesho tangu mwanzo. Ni mtu wa kupatanisha, wa kutunga michezo, wa kuwapigia wengine makofi. Katika sehemu hii inafika siku ya kumbukumbu ya kifo chake, na familia yake inakuja Button House, mahali alipofia, kama ilivyo desturi yao. Yeye huisubiri siku hiyo mwaka mzima. Wanasimama karibu naye kiasi cha kuguswa, na hawezi kugusa. Wanazungumza, naye anajibu, na jibu haliwafikii. Sitakueleza linalofuata. Nitasema tu kwamba masharti yale yale yaliyokuchekesha kwenye kidole cha Julian, hapa yanakukaba koo: asiyeweza kushika kikombe hawezi pia kumshika mwanawe. Jim Howick analiigiza hilo bila kupandisha sauti. Kama sehemu hii haikukugusa, basi tamthilia hii si yako na unaweza kuiacha kwa amani. Kama imekugusa, umeshapata jibu lako.

Ndiyo sababu nikasema umfuate Pat.

Kwetu Afrika Mashariki kuna suala jingine ambalo mwongozo wa Ulaya usingeligusa. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mizimu si ya kuchezewa. Kuna tambiko, kuna majini yanayopandishwa na kushushwa, kuna maombi ya kufungua waliofungwa. Na filamu zetu zimeifuata njia hiyo: waliokua wakitazama kazi za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta walifundishwa kuogopa, na mara nyingi mwisho wa filamu za aina hiyo ulikuwa onyo. Kwa hiyo mzazi akiingia sebuleni akakuta mnacheka na maiti asiye na kichwa, akauliza mnatazama nini, usimcheke wala usimwite mshamba. Swali lake lina uzito.

Mweleze ukweli wa tamthilia yenyewe. Hakuna mganga humo, hakuna kuabudu wafu, hakuna mtu anayewaita ili wampe utajiri. Marehemu hawa hawajui siri za mbele wala hawana uwezo wa kumbariki au kumlaani mtu. Tamthilia haioneshi pepo wala jehanamu, na haidai kujua wanakokwenda wanaoondoka. Inachosema ni kwamba waliotutangulia walikuwa watu kama sisi, wenye mambo ambayo hawakuyamaliza. Nimeona wazee waliosusa mwanzoni wakikaa chini baada ya kumsikia Bibi Button akigombeza. Na kama mzee wako hataki, basi hataki. Tazama wakati mwingine, maana starehe haifai kumkosesha mtu usingizi nyumbani kwake.

Kuhusu watoto, sikushauri uwawekee wadogo peke yao. Matusi ni machache, lakini mizaha ya Julian ni ya watu wazima, na vifo vya wengine vina maelezo yanayohitaji mtu wa kuyafafanua. Kila usiku Fanny anarudia kuanguka kutoka dirishani alikosukumwa na mumewe, kwa ukelele mkali. Mkubwa hucheka kwa mshtuko, ila mtoto wa miaka sita anaweza kuamka nao usiku. Wa kuanzia miaka kumi na miwili, mkitazama pamoja, watafaidi, na maswali ya historia yatafuata yenyewe.

Washa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Mary anazungumza kwa lafudhi nzito ya vijijini na kwa maneno anayoyapinda mwenyewe, Robin hukata sentensi vipande vipande, na mara nyingi watu watatu huongea kwa pamoja. Ukikosa neno moja umekosa kichekesho. Jua pia kwamba hakuna sauti ya hadhira iliyorekodiwa ya kukuonesha pa kuchekea. Vichekesho vingi vimefichwa nyuma ya chumba, kwa mhusika ambaye kamera haimlengi. Kwa sababu hiyo usiitazame huku unapika au unachati. Ghosts ya kusikilizwa tu kutoka jikoni ni nusu ya Ghosts.

Inafaa pia ujue imetoka kwa nani, kwa sababu inaeleza kwa nini waigizaji hawa wanaaminiana kiasi kile. Mathew Baynton, Simon Farnaby, Martha Howe-Douglas, Jim Howick, Laurence Rickard na Ben Willbond ndio walioibuni, wakaiandika, na wakacheza humo wenyewe. Walikutana kwenye Horrible Histories, kipindi cha watoto cha BBC kilichoanza 2009 na kufundisha historia kwa michezo ya kuchekesha, kisha wakafanya Yonderland na filamu ya Bill ya 2015. Miaka yote hiyo walikuwa wakivaa mavazi ya karne mbalimbali na kukataa kuwatazama watu wa kale kama wajinga. Rickard anacheza Robin na pia kichwa cha Humphrey. Charlotte Ritchie, anayecheza Alison, hakutoka kwenye kundi hilo, na ugeni wake unamfaa mhusika: yeye ndiye anayeingia kwenye nyumba ya watu waliokwisha kuzoeana.

Jumba lenyewe lipo. Linaitwa West Horsley Place, liko Surrey, kusini-magharibi mwa London, na lina kisa kinachokaribiana na cha tamthilia. Mwaka 2014 mtangazaji Bamber Gascoigne, aliyejulikana kwa kuendesha shindano la maswali la University Challenge, alilirithi kutoka kwa shangazi wa mzazi wake, Duchess wa Roxburghe, bila kutarajia, likiwa limechakaa na likidai matengenezo makubwa. Badala ya kuliuza, yeye na mkewe waliamua kulitengeneza na kulifungulia umma. Unapoona rangi iliyobanduka na dari iliyovuja kwenye sehemu ya kwanza, kumbuka kwamba uchakavu mwingi ule haukuhitaji kutengenezwa na mafundi wa maonesho.

Huenda utakutana kwanza na Ghosts ya Marekani, iliyoanza CBS Oktoba 2021. Kisa ni kilekile, jumba limehamia bonde la mto Hudson, jimbo la New York, na Alison amekuwa Samantha, akichezwa na Rose McIver. Si nakala ya hovyo. Ina Mviking, ina Sasappis wa taifa la Lenape, ina Alberta, mwimbaji wa enzi ya jazi, na kwa hao inazungumza historia ya Marekani yenyewe. Ila ni changamfu zaidi, fupi zaidi kwa kila sehemu, na haiachi ukimya udumu. Msimu wake wa kwanza una sehemu 18, wa Waingereza una 6. Ukitaka kitu cha kuwa nacho kila jioni kwa muda mrefu, ya Marekani itakufaa. Ukitaka kukumbuka baada ya mwaka, anza na ya Uingereza. Usizitazame zote mbili kwa wakati mmoja. Pat na Pete, mwenzake wa Marekani mwenye mshale uleule shingoni, watachanganyika kichwani na utamwonea mmoja wao.

Kipimo hiki cha masharti unaweza kukibeba kwenye tamthilia nyingine za aina hii. What We Do in the Shadows, ya wanyonya damu wanaoishi Staten Island, inakipita kwa urahisi: mnyonya damu asiyeweza kuingia nyumba bila kukaribishwa ni chanzo cha vicheko visivyoisha. Hiyo lakini ni ya watu wazima kabisa, usithubutu kuiwasha sebuleni mbele ya wakwe. The Good Place, iliyoanza 2016, inayaficha masharti yake makusudi kwa msimu mzima, kwa hiyo humo subira inayotakiwa ni kubwa zaidi, na usikubali mtu akusimulie mwisho wa msimu wa kwanza.

Ghosts ya Uingereza ilianza Aprili 2019 na kufungwa siku ya Krismasi 2023, kwa uamuzi wa waandishi wenyewe, ikiwa na misimu 5. Ina mwisho wa kweli, ulioandikwa ukiwa mwisho, na hutaachwa njiani. Tazama sehemu ya kwanza na ya pili usiku mmoja, mfululizo, ili haraka ya ile ya kwanza ifidiwe na utulivu wa ile ya pili. Sehemu ya tatu iache kwa usiku mwingine, ambao hujachoka. Itazame na mtu unayempenda kama yupo karibu, kisha ndipo uamue.